LED za perovskaiti: dawa ya uso husaidia wapi, na huharibu wapi

Dhana: Balbu za LED zinazouzwa madukani Kampala zina perovskaiti, yaani fuwele zitoazo mwanga, hapa zile za risasi na bromidi.

Ukweli: Hazina. Ndani mna chipu ya galiamu nitridi inayotoa mwanga wa buluu, na juu yake poda ya fosfori, inayogeuza rangi ya sehemu ya mwanga huo. LED za perovskaiti bado ni kazi ya maabara, ingawa zimepiga hatua: zile za Cambridge za mwaka 2014 hazikufikia ufanisi wa asilimia 1, na kufikia 2018 nyingine zilivuka 20.

Dhana: Utando (tabaka jembamba la perovskaiti) ukiwaka vizuri chini ya taa ya urujuanimno, LED itakuwa nzuri.

Ukweli: Mwako huo unaonyesha tu kwamba kasoro za uso zimepungua, hasa pale ayoni za risasi zilipopungukiwa na bromidi. Umeme bado lazima upite. Asidi ya oleiki, mojawapo ya dawa za uso (kemikali za kuziba kasoro hizo), hung'arisha fuwele, lakini mnyororo wake wa kaboni 18 huzuia chaji.

Dhana: Ukiongeza dawa, mwanga nao huongezeka.

Ukweli: Hapa ndipo utando mwingi huharibika. Chukua dawa iitwayo fenethilamonia bromidi, PEABr. Kwa kuanzia, yeyusha miligramu 20 katika mililita 10 za isopropanoli kavu, kisha zimua upate pia miligramu 1 na 0.5 kwa mililita. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22. Dondosha mikrolita 100 utando ukizunguka mara 4,000 kwa dakika, uache sekunde 30, halafu upashe kwa nyuzi 80 dakika 5. Dawa ikizidi, hujengeka juu tabaka la perovskaiti ya vipimo viwili (2D, iliyopangika kwa matabaka membamba sana): chaji hukwama, na mwanga wa kijani huanza kuvutwa kwenye buluu. Usisahau sampuli mbili za kulinganisha, moja isiyoguswa na nyingine iliyopakwa isopropanoli tupu. Isopropanoli peke yake huosha chumvi za uso, na dawa itasifiwa kwa kazi isiyoifanya.

Dhana: Uso uliotibiwa hauogopi unyevu.

Ukweli: Unauogopa, na mvua za Machi hadi Mei hazina huruma. Isopropanoli yenyewe hunywa maji ya hewani, kwa hiyo chupa ifunguliwe ndani ya sanduku la glavu (kabati lisilopitisha hewa) lenye nitrojeni tu. Umeme ukikatika, mfumo wa kusafisha gesi husimama. Subiri kipimo cha maji na oksijeni kirudi chini ya sehemu 1 kwa milioni. LED ifunikwe kwa kioo na gundi ya epoksi kabla ya kutolewa. Mabaki yana risasi: yawekwe kwenye chombo chake, yasimwagwe kwenye sinki.