Zaidi ya theluthi ya mrututu ni maji

Mkulima wa kahawa anaujua mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwa rangi. Ukifungua mfuko unakutana na vijiwe vya bluu iliyokolea, vikavu, vinavyolia kama changarawe ukivitikisa. Hakuna anayevishika akadhani ameshika maji. Hata hivyo, katika kila kilo moja ya mrututu, gramu 360 hivi ni maji, na maji hayo yakiondoka, bluu nayo inaondoka.

Nimekaa maabara miaka mingi na jaribio hili bado nalipenda kuliko yote. Napima gramu 5 za mrututu uliosagwa, naziweka kwenye neli ya kioo kigumu, naibana ikiwa imelala, mdomo ukiinama kidogo chini, halafu nawasha moto mdogo. Weupe huanzia pale moto unapogusa kioo, kisha unatambaa taratibu ndani ya bluu. Kwenye shingo ya neli, ambako bado kuna ubaridi, kioo kinaingia ukungu, ukungu unakuwa matone, na matone yanaanza kudondoka. Nikipima unga mweupe uliobaki napata gramu 3.2. Kesho nikirudia, ni 3.2 tena. (Mrututu ni sumu, kwa hiyo usijaribu kwenye sufuria ya nyumbani. Na moto ukizidi sana, salfeti yenyewe inavunjika, unga unaingia weusi na gesi ya kukaba inatoka.)

Huko kutobadilika kwa kipimo ndiko kunakonifanya nikatae watu wanaposema mrututu una unyevu. Unyevu hauna hesabu. Chumvi ya mawe kutoka mabwawa ya pwani ukiitupa motoni inapasuka na kurukaruka, kwa sababu imebeba vitone vya maji ya bahari vilivyonaswa humo ilipokuwa ikiganda. Jiwe moja lina vingi, jingine vichache. Chumvi yenyewe haiyahitaji. Mrututu una molekuli 5 za maji kwa kila ioni moja ya shaba (atomi ya shaba iliyopoteza elektroni), na kila molekuli ina mahali pake. Hata kutoka hutoka kwa zamu: mbili karibu na nyuzi 63 za Selsiasi, mbili tena karibu na 109, na ya mwisho inang'ang'ania hadi karibu 200.

Mahali penyewe tunapajua. Mwaka 1912, mjini Munich, Max von Laue na wenzake Walter Friedrich na Paul Knipping walitaka kuona kama miale ya eksirei itatawanywa na mpangilio wa atomi ndani ya fuwele (kristali). Fuwele waliyoanza nayo ilikuwa mrututu. Mwaka 1934, C. A. Beevers na H. Lipson wakachapisha ramani ya atomi zake. Ioni ya shaba imezungukwa na molekuli nne za maji, kila moja imeigeuzia upande wa oksijeni, zimekaa kama pembe za mraba. Juu na chini ya mraba huo zipo oksijeni mbili za salfeti, mbali kidogo kuliko zile nne. Molekuli ya tano haiigusi shaba kabisa. Imekaa kati ya salfeti na maji mengine, imeshikana nayo kwa vifungo vya hidrojeni. Ndiyo maana fuwele iliyokaushwa haibaki na umbo lake zuri la kioo: maji yalikuwa sehemu ya kuta, na kuta zikitolewa nyumba inaanguka ikawa unga.

Rangi sasa. Maji hayapaki bluu. Angalia chumvi ya haluli, yaani salfeti ya magnesi: ina molekuli 7 za maji, nusu ya uzito wake ni maji, na haina rangi. Salfeti ya zinki nayo ina 7, nayo haina rangi. Mwenye rangi ni shaba, ila majirani zake ndio wanaoamua rangi gani. Ioni ya shaba ina elektroni 9 katika nafasi za d, kundi moja la makao ya elektroni, zinazoweza kubeba 10, hivyo imebaki nafasi moja. Ioni ingekuwa peke yake, nafasi hizo zote zingekuwa na nishati sawa. Majirani wakisogea, usawa unavunjika, nyingine zinapanda, nyingine zinashuka, na elektroni inaweza kuruka kwenda juu ikimeza mwanga wenye nishati inayolingana na pengo hilo. Jirani akiwa maji, unaomezwa ni mwanga mwekundu, na kinachofika machoni ni bluu. Maji yakitoka, shaba inabaki na oksijeni za salfeti pekee. Pengo linapungua, mwanga unaomezwa unakuwa wa infraredi ambao macho hayauoni, na unga unaonekana mweupe. Zinki nafasi zake zimejaa, magnesi haina elektroni hizo kabisa, kwa hiyo maji hayana cha kubadilisha.

Kloridi ya kobalti inafuata njia hiyohiyo: ikiwa na maji ni ya waridi, ikikauka ni bluu. Kwa muda mrefu imetiwa kwenye punje za kunyonya unyevu ili zionyeshe zimeshiba, ingawa watengenezaji wengi wameiacha kwa sababu ya madhara yake kiafya.

Hili si jambo la darasani tu. Kuna mwaka tuliletewa kopo lililoandikwa salfeti ya shaba, basi, bila neno lolote kuhusu maji. Ndani mlikuwa na unga uliokaushwa. Kijana wetu akafuata kanuni ya vipimo iliyoandikwa kwa ajili ya mrututu wa bluu, na mmumunyo ukatoka na nguvu zaidi ya mara moja na nusu. Tulitupa majibu ya wiki nzima. Tangu siku hiyo sipokei kopo ambalo lebo yake haijataja maji.

Jaribio langu huwa nalimalizia kwa yale matone ya shingoni. Nasubiri neli ipoe, nayavuta kwa pipeti, nayarudisha moja moja juu ya unga mweupe. Kila linapotua bluu inachanua, na ukiigusa neli kwa nje utaisikia imepata joto, ingawa moto ulishazimwa.