Kufufua ufundi wa jadi ni kufanya nini? Tuitazame olubugo

Kufufua ufundi wa jadi ni kuurudisha mikononi mwa watu: fundi awe na mwanagenzi, malighafi ipatikane, na kinachotengenezwa kiwe na mtumiaji. Kukiweka kitu cha kale kwenye kabati la makumbusho ni kukihifadhi. Ni kazi njema, ila ni kazi nyingine.

Chukua olubugo, nguo ya gome la mti ya Waganda, watu wa ufalme wa Buganda nchini Uganda. Hutokana na mutuba, mti wa jamii moja na mkuyu. Msimu wa mvua, fundi huparua ganda la nje, hukata kuzunguka shina juu na chini, hupasua kwa wima, kisha hubandua gome la ndani likiwa zima. Shina lililobaki uchi huvikwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya huota. Mti haufi, huvunwa tena na tena kwa miaka mingi, jambo ambalo mimi hulistaajabia kila nikilifikiria. Gome hupelekwa kwenye kibanda kisicho na kuta, maana likikauka upesi limeharibika. Hapo hugongwa kwa saa nyingi kwa nyundo za mbao zilizochongwa mistari, mipana kwanza, myembamba baadaye, mpaka litanuke na kulainika. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Nguo ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na ya watu wake wakubwa ilitiwa rangi nyeupe au nyeusi.

Ufundi huu ulidhoofishwa na vitambaa vya pamba. Kuanzia miaka ya 1840 misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilifika Buganda na merikani, nguo nyepesi isiyohitaji mti wala nyundo. Polepole olubugo ikabaki ya mazishi na matambiko, na wengi wakaiona kuwa nguo ya maiti tu. Mwaka 1967 falme za Uganda zikafutwa, na ikulu iliyoitumia kwa heshima ikanyamaza.

Mwaka 1993 ufalme ulirudishwa, Kabaka Mutebi wa Pili akatawazwa, na olubugo ikaonekana tena hadharani. UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ikaiingiza kwenye orodha yake mwaka 2008. Mafundi, wengi wakiwa wa ukoo wa Ngonge ambao tangu zamani uliihudumia ikulu, wakapata wateja wapya: washonaji wa magauni, watengenezaji wa mikoba na kofia.

Wapo wanaolalamika kwamba mkoba si matumizi ya asili. Siwaungi mkono. Mwanagenzi hawezi kuishi kwa kungoja kutawazwa kwa mfalme mwingine. Anahitaji soko la mwezi huu. Ninachokiangalia zaidi ni mashamba ya migomba na kahawa. Humo mutuba hupandwa kwa kuchomeka tawi ardhini, kisha husubiriwa miaka kadhaa kabla ya kuvunwa. Anayechomeka tawi leo anaamini kuwa siku hiyo ikifika atakuwapo mtu wa kulibandua gome lake na mtu wa kulivaa.