METAR ya Malindi haikukuahidi jua

Mara ya nne mwezi huu naambiwa nimeuza uongo. Safari hii alikuwa nahodha wa mashua inayopeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari. Hakungoja hata kuingia dukani. "Mwanangu, kidude chako kilisema jua! Wageni wangu wamerudi wamelowa chapachapa!"

Nikamwomba simu. Skripti niliyomwekea kwenye Termux, ile programu ya kuandikia amri kwenye simu, ilikuwa bado imeonyesha mstari wa asubuhi wa METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege:

HKML 120600Z 19014KT 9999 SCT022 28/23 Q1015

"Mzee wangu, nionyeshe jua liko wapi hapa." Akaweka kidole kwenye 9999.

Basi tuanzie hapo, maana hili ndilo linalonichosha kuliko yote: watu wanadhani METAR ni utabiri. Siyo. METAR ni taarifa ya kilichoonekana na kupimwa uwanjani, saa ile iliyoandikwa, basi. Hiyo 9999 ni uwezo wa kuona mbali, kilomita 10 au zaidi. SCT022 ni mawingu yaliyotawanyika, kitako chake futi 2,200 juu ya uwanja. Joto nyuzi 28, kiwango cha umande nyuzi 23, kanieneo ya hewa hektopaskali 1015. Ni sawa na kumpigia jirani simu ukamuuliza, "Kwenu kunanyesha?" Akikujibu hapana, amekujibu la sasa, alasiri hamkuizungumza. Nahodha alisoma mstari wa asubuhi, akaondoka na wageni baada ya chakula cha mchana, halafu mvua ikawa kosa langu.

Utabiri wa viwanja una jina lake, TAF, na una sura yake. Ukiona kitu kama 1206/1312, yaani kuanzia tarehe 12 saa 0600Z mpaka tarehe 13 saa 1200Z, hapo ndipo mtu anasema kuhusu kesho. METAR haina muda wa kuanza na kuisha. Kipande pekee chake kinachoangalia mbele ni kile kinachobandikwa mwishoni mara nyingine: NOSIG (hakuna badiliko kubwa), TEMPO (badiliko la muda) au BECMG (hali inageuka). Nacho ni cha saa mbili tu.

Ndugu yake kosa hili ni kuamini kwamba amri yenyewe inajua hali ya hewa. Amri ninayowawekea ni hii:

curl -s https://tgftp.nws.noaa.gov/data/observations/metar/stations/HKML.TXT

curl haijui mvua wala kiangazi. Inaenda kwenye seva ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, inachukua faili lililoko, inalimwaga kwenye kioo. Ripoti mpya isipofika, faili la zamani linakaa palepale, nawe utaletewa hilohilo kila ukibonyeza. Kuna kijana aliwahi kubishana nami, simu mkononi, kwamba Malindi ni kukavu, na mvua inagonga bati juu ya vichwa vyetu hatusikilizani. Ripoti yake ilikuwa ya siku tatu nyuma. Ndani ya METAR kuna siku ya mwezi na saa tu, mwezi haumo. Lakini juu yake faili lina mstari wenye tarehe kamili, mwaka na yote, na mafundi wengi huukata kwa tail -1, amri inayobakiza mstari wa mwisho tu, ili kioo kipendeze. Msiukate! Nimeshasema mpaka sauti imekauka: soma tarehe kwanza, ndipo usome upepo.

Na saa. 0600Z si saa kumi na mbili asubuhi. Z ni saa ya Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3. Wenye saa ya Kizungu kichwani wajumlishe. Sisi wa saa ya Kiswahili kazi yetu ni kutoa tatu. 0600Z ni saa tatu asubuhi, 0900Z ni saa sita mchana, 1200Z ni saa tisa. Ikizidi 15, ukishatoa tatu toa na kumi na mbili: 1800Z, saa tatu usiku. Sijaona hesabu tamu kama hii katika mambo ya ndege.

Upepo: 19014KT ni upepo unaotoka nyuzi 190, kasi noti 14, karibu kilomita 26 kwa saa. Wapo wanaosoma kwamba unaelekea huko. Wa bara namsamehe. Lakini mtu aliyezaliwa Shela akose hili? Kusi tunaiita kusi kwa inakotoka, na kaskazi vivyo hivyo.

Vifupisho MYD (Malindi) na LAU (Lamu) ni vya tikiti na mizigo. METAR inataka herufi nne: HKML Malindi, HKLU Lamu, HKMO Mombasa. Na hapana, HK si Hong Kong. Huko wanaanza na VH.

METAR ya Malindi haitoshi Lamu. Kutoka hapa hadi Manda, ulipo uwanja wa Lamu, ni zaidi ya kilomita 100 hata ukienda kama kunguru. Ya Malindi haitoshi hata Watamu siku za mvua za vipande.

Eti amri hii inamaliza bando: mstari ule una herufi zisizofika 50. Hata ukiongeza salamu za simu na seva, ni kilobaiti chache. Picha moja ya samaki kwenye WhatsApp inakula zaidi.

Eti kioo cheusi cha Termux ni cha wezi wa mitandaoni: faili liko wazi kwa umma, halina nywila, hakuna mlango uliovunjwa.

Nahodha nimemwekea amri ya pili, ya TAF ya Mombasa, na kwenye ile ya kwanza nimeandika kwa herufi kubwa ILIYOPITA. Akaniuliza mawimbi je. METAR ya uwanja wetu haimwambii urefu wa mawimbi. Hayo yako kwenye utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Skripti yake sijaiandika, kwa hiyo msinigongee mlango Jumapili.