Giaboksi ya kusimama: kinachosimama ni kipi?

Juzi niko Gerezani, Dar es Salaam, kwenye duka la spea nasubiri beringi zangu, akaingia kijana mmoja ana picha kwenye simu, akamwambia muuzaji anataka giaboksi ya womu, "ile ndogo ya kusimama, maana sehemu yangu ni finyu". Muuzaji akasema ipo, boksi likashushwa, vumbi likafutwa, wakaanza kupatana bei. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali hata moja. Nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza, "Mdogo wangu, hapo kinachosimama ni kipi?" Akanijibu kwa upole tu, "si giaboksi yenyewe kaka".

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, kwa wanunuzi, kwa wauzaji, hata kwa mafundi ninaowaheshimu sana, na mara nyingi mwisho wake ni mtu kulipia kitu ambacho hakikai kwenye mashine yake. Ndio maana leo nimeona niliandike.

Maana yenyewe ni fupi. Giaboksi ya womu ina vitu viwili vinavyokutana ndani: womu, yaani shafti ya chuma kigumu iliyochongwa njia za kuzunguka kama skrubu, na gia ya bronzi ambayo meno yake yameingia kwenye zile njia. Mota inazungusha womu, womu inasukuma gia, gia inazungusha shafti ya kutokea inayokwenda kwenye mashine. Womu ya njia moja ikizunguka mara moja gia inasogea jino moja tu, kwa hiyo gia ikiwa na meno 30 womu inazunguka mara 30 ndio gia imalize mzunguko mmoja, na hilo ndilo punguzo la mwendo la 30 kwa 1. Mota ya mizunguko 1400 kwa dakika inatokea upande wa pili ikiwa na 47 hivi. Ukitaka kujua kwa nini inatafutwa pale nafasi inapobana, jaribu kupata punguzo hilohilo kwa mkanda na puli mbili: puli ya inchi 3 kwenye mota itataka mwenzake ya inchi 90, futi saba na nusu. Boksi la womu linafanya kazi hiyo na unalikumbatia kwa mkono mmoja.

Na neno rediusa, jina lingine la giaboksi hii, yaani kipunguzi, lisikutishe. Kinachopunguzwa ni mwendo, siyo nguvu. Mota ya hosipawa moja, kilowati 0.75, kwenye shafti yake inatoa kama nyutonimita 5, kipimo cha nguvu ya kuzungusha, ikipita kwenye 30 kwa 1 inatoka na 110 hivi. Ingekuwa zaidi ya 150 kama kusingekuwa na msuguano, ila womu haiviringiki juu ya gia, inateleza, na kuteleza kunakula. Kilicholiwa kinageuka joto, kwa hiyo usishangae boksi la womu likiwa la moto kuliko giaboksi nyingine za saizi yake.

Sasa hili jina womu. Kuna wanaolitafsiri "gia ya mnyoo" na mtu akisikia mnyoo anapata picha ya kitu laini, dhaifu, kumbe ndani ya boksi womu ndiyo ngumu na gia ya bronzi ndiyo laini, imefanywa laini makusudi ili ikilika ilike yenyewe na womu ibaki. Jina halikutoka kwenye ulaini. Kwenye Kiingereza cha zamani sana neno hilo halikuwa mnyoo peke yake, lilikuwa nyoka, hata joka, kitu kirefu kinachojizungusha, na ukiitazama womu imetolewa kwenye boksi iko mezani imefutwa oili unaona kabisa nyoka aliyejizungushia mti. Wajerumani wao waliona konokono, wanaiita Schnecke. Waarabu wamebaki na mdudu wa kutambaa, gia yake ni ya "dudi", kutoka neno lao la mnyoo. Wafaransa hawakutafuta mnyama, wao ni vis sans fin, skrubu isiyo na mwisho, na Waitaliano na Wahispania wanasema vilevile, kwa hiyo ukikaa na fundi wa Lubumbashi aliyesomea Kifaransa utamsikia anaiita hivyo na wewe unasema womu, mnaongelea kitu kimoja.

Mimi naona Wafaransa wamepatia kuliko wote. Skrubu ya kawaida inaingia kwenye nati inaenda inafika mwisho inakaza. Hapa nati imekunjwa ikawa gurudumu, kila jino likisukumwa likaondoka lingine linakuja, kwa hiyo skrubu inazunguka siku nzima na haifiki popote. Ukiielewa hivyo umeielewa yote. Na sisi tulikuwa na neno letu la pwani kabla ya hii skrubu ya Kiingereza, parafujo, lililotoka kwa Wareno, kama roda ya kuvutia kamba ilivyotoka kwao, na kama gereza lilivyotoka kwenye neno lao la kanisa, kwa hiyo hata hilo eneo la Gerezani tunakonunua spea limebeba Kireno. Parafujo isiyo na mwisho. Ningependa sana lingeshika, lakini womu imeshakaa midomoni mwa mafundi na sina ugomvi nayo.

Mwenye gitaa alitazame kichwani. Kile kifunguo cha kukazia waya kinazungusha womu ndogo kabisa, gia yake inazungusha kijiti chenye waya. Ukizungusha kifunguo waya unakaza, ila waya uvute unavyotaka hauwezi kurudisha kifunguo. Njia za womu zimelala sana, gia haina pa kuishika. Kwenye giaboksi kubwa zenye punguzo kubwa inatokea hivyohivyo, lakini tafadhali usinyanyue mzigo juu ya vichwa vya watu ukitegemea womu ndiyo breki, mtikisiko kidogo na oili nzuri inaweza ikaanza kurudi taratibu. Breki ni breki, iwekwe.

Haya, turudi kwenye kusimama, maana hapa ndipo panaponiuma.

Womu na gia yake zimekaa kwa kukatana, nyuzi 90. Shafti ya kuingilia ikielekea kaskazini, ya kutokea inaelekea mashariki au magharibi. Haiwezekani zote mbili zisimame kwa wakati mmoja! Moja ikisimama wima, nyingine imelala, hakuna namna. Sasa mtu akisema "ya kusimama" bila kusema ni shafti ipi, amesema nini? Hajasema kitu. Muuzaji anaelewa anavyoelewa yeye, mnunuzi anaelewa anavyoelewa yeye, wote wanaitikia.

Kuna ile ambayo mota ndiyo iliyosimama, iko juu kama kofia, na shafti ya kutokea imelala. Hii inafaa kwenye konveya, ule mkanda wa kusafirishia mizigo, iliyobanwa ukutani au kati ya mashine mbili, ambapo upana haupo ila kwenda juu kuna nafasi. Halafu kuna ile ambayo shafti ya kutokea ndiyo iliyosimama, inaangalia chini au juu, na mota imelala pembeni. Hii ndiyo ya kukorogea tenki, unaifunga juu ya tenki shafti ikishuka katikati na mapanga yake, mota inakaa ubavuni haigongi bati. Ona sasa kwamba hata neno "finyu" lina maana mbili hapo. Mmoja amekosa upana, mwingine amekosa kimo, na ukimpa mmoja dawa ya mwenzake umemzidishia ugonjwa.

Kwenye zile boksi za chuma za kundi la WP zinazojaa madukani, kibati kinakwambia kila kitu ukikisoma. WPA womu iko chini ya gia, WPS womu iko juu ya gia, na hizo zote shafti zake mbili zimelala. WPO shafti ya kutokea inaangalia juu. WPX inaangalia chini. Ukiona D imeingia katikati, kama WPDX, ina flanji, uso bapa wa kufungia kwa bolti, ya kubebea mota moja kwa moja, na hiyo ndiyo fupi zaidi kwa sababu hakuna kapolingi, kile kiungo cha kuunganisha shafti mbili. Namba inayofuata, mfano 80, siyo hosipawa na siyo punguzo, ni milimita kutoka katikati ya womu hadi katikati ya gia. Punguzo limeandikwa peke yake.

Kuna watakaosema si unaigeuza tu? Unanunua iliyopo, unailaza ubavu, shafti inaangalia chini, kazi imeisha. Niliitwa sehemu wanatengeneza sabuni ya maji, chumba kimoja cha kupanga, tenki la lita 500, na fundi aliyenitangulia alifanya hivyohivyo, alichukua yenye shafti za kulala akailaza. Plagi ya kupumulia, ile yenye kitundu ambayo inatakiwa iwe juu kabisa, ikawa ubavuni chini ya usawa wa oili. Boksi likipata joto hewa ya ndani inatanuka inasukuma oili itokee palepale. Ilikuwa inadondoka tone tone usiku na mchana, ukutani kuna mstari mweusi hadi sakafuni, na beringi ya juu, ambayo sasa haifikiwi na oili tena, inalia kama mlango mbovu. Nilipofungua plagi ya chini nikakinga kwenye kopo, kilichotoka kilikuwa oili kidogo nyeusi na ndani yake vumbi la njano linang'aa, zuri kabisa kulitazama. Hilo vumbi ndiyo meno ya gia. Nilipaka kidole nikamwonyesha mama mwenye kiwanda, akaniuliza hiyo dhahabu imetoka wapi.

Siyo kwamba boksi haligeuzwi. Yapo mengi, hasa yale madogo ya alumini, yametengenezwa kukaa kila upande, lakini kuna kazi ya kufanya ukiligeuza: plagi ya kupumulia ihamie juu, kioo cha oili kikae pembeni, kiasi cha oili kibadilike ili beringi ya juu isikauke au iwekewe grisi yake. Mota ikisimama, ikae juu ya boksi, siyo chini, maana sili, ile raba ya kuzuia oili kwenye shafti, ikichoka oili inashukia ndani ya mota. Na oili yenyewe usichukue ile ya difu ya gari kwa kuwa ni nzito, baadhi zina dawa ya salfa ambayo ikipata joto inaila bronzi. Tafuta iliyoandikwa ya womu, kwa kawaida namba ya uzito 460, au 680 kwa kazi nzito.

Yule kijana nilimchorea kwenye kipande cha boksi la beringi. Kumbe alikuwa na pipa la kukorogea rangi, na darini kuna boriti inapita karibu kabisa, na kilichokuwa kinafutwa vumbi pale kaunta kilikuwa cha mota kusimama. Hakukuwa na mwenye nia mbaya, walikuwa na neno moja na picha mbili tofauti kichwani.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe mwingine unayekwenda dukani wiki hii, hilo neno la kusimama liache kwanza. Sema shafti ya kutokea inaangalia chini, mota imelala upande wa kulia, kutoka mdomo wa pipa hadi kwenye boriti nina sentimita kadhaa. Halafu uliza, nikiifunga hivyo, plagi ya kupumulia itakuwa wapi?