WIBA ni nini, na kwa nini aliyeumia kazini Kenya hamshtaki tena mwajiri

Muulize fundi wa mjengo aliyekatika kidole alilipwa nini. Mara nyingi atakwambia, "Walinipeleka hospitali, wakanipa pole." Hiyo pole huwa noti chache na siku mbili tatu za kukaa nyumbani, na wengi huipokea wakidhani ndiyo fidia yenyewe. Sivyo. Fidia ni haki iliyoandikwa katika Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo mawakili, watu wa bima na makarani wa viwandani huiita WIBA tu.

Kiini chake ni kwamba haiulizi nani alikosea. Kabla yake, mfanyakazi aliyeshtaki mahakamani ilimlazimu athibitishe uzembe wa mwajiri: mashine haikuwa na kinga, glavu hazikutolewa. Mwajiri naye angejibu kwamba glavu zilikuwepo ila mwenyewe hakuzivaa, na kesi ingesota miaka. WIBA imeliondoa vuta nikuvute hilo. Yatosha kwamba uliajiriwa kwa ujira, na ajali ikakupata ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Hata safari ya kwenda au kutoka kazini ndani ya gari la mwajiri huhesabiwa kuwa kazini. Anayeweza kunyimwa ni yule aliyejiletea ajali kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huyo, ikiwa amekufa au amelemaa vibaya, mlango haufungwi.

Nafuu hiyo ina bei yake, nayo imo katika kifungu cha 16: mwajiriwa hawezi kumfungulia mwajiri kesi ya kudai fidia ya ajali ya kazini nje ya sheria hii. Mawakili hawakulikubali. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu kadhaa, hicho kikiwamo. Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi huo kwa sehemu kubwa mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: ndiyo, madai yapitie kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini wa serikali. Wapo wanaosema hapo mfanyakazi alipunjwa, kwa kuwa hakimu angeweza kumpa zaidi. Huenda. Lakini asiye na pesa za wakili wala shahidi wa kumtetea hakuwa na kesi tangu mwanzo.

Hesabu nayo si fumbo. Ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia, kwa kufuata jedwali lililo mwishoni mwa sheria, kisha asilimia hiyo hupigwa kwenye mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Chukua mtu anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni 1,920,000. Daktari akiandika asilimia 10, stahili yake ni 192,000. Linganisha na ile pole. Akifariki, wanaomtegemea hulipwa mapato ya miezi 96 kamili. Aliyeumia akapona baada ya muda hulipwa mapato yake kwa kipindi hicho, kisichozidi miezi 12, ila aliyekosa kazi siku tatu au pungufu halipwi kitu kwa siku hizo. Gharama za matibabu ni za mwajiri, ambaye sheria inamtaka awe na bima.

Wengi hupotezea haki kwenye taarifa. Mwambie mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Mimi ningeandika, hata kama ni ujumbe wa simu, maana mdomo hukanwa. Mwajiri ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi kwa fomu ya DOSH 1, na daktari hujaza sehemu yake. Dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Msimamizi akikwambia "tutamalizana hapa hapa" na kukuletea karatasi ya kutia saini, nenda nayo kwanza kwenye ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti.

Kesi haijafa kabisa, lakini. Aliyekuumiza akiwa mtu mwingine, tuseme umetumwa kupeleka mzigo na lori la kampuni nyingine likakugonga, unaweza kumdai huyo wa nje mahakamani, na fidia uliyokwisha kulipwa huzingatiwa katika hesabu. Usipokubaliana na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuweka pingamizi kwake kwa maandishi. Naye ana siku 14 za kukujibu. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na hapo ndipo wakili anapoanza kuwa na kazi ya kufanya.