Watajiju na ndala zetu: tunayomsingizia mbwa

Mbwa wetu anaitwa Watajiju. Jina alipewa na mjomba, akiwalenga majirani. Mbwa mwenyewe hahusiki. Ana miezi sita, na tangu aingie uani ameshatafuna ndala nne, shuka moja na mpini wa ufagio. Kila anayepita ana maelezo yake kuhusu utundu huo, na mengi si kweli.

"Anajua kosa lake, ona anavyoona aibu."

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Jumamosi moja nilirudi sokoni nikakuta mfuko wa taka umechanwa, maganda ya ndizi mpaka chini ya kochi. Watajiju masikio yamelala, mkia kaufyata, anatazama pembeni kama mpangaji aliyesikia hodi ya mwenye nyumba. Mama mdogo akacheka: "Mwenyewe kashajihukumu."

Hajajihukumu. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz, wa New York, alilipima jambo hili. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kipande cha chakula, kisha wakatoka chumbani. Waliporudi waliambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine walidanganywa makusudi. Sura ile ya aibu ilitokea zaidi mbwa alipogombezwa, awe amekula au hajala. Tena waliogombezwa bila kosa ndio waliojikunyata zaidi.

Nami nikajaribu kwangu. Maji yalikuwa yamemwagika sebuleni, nikapaza sauti: "Nani kamwaga haya?" Watajiju akalala chini na kufyata mkia. Aliyemwaga ni mpwa wangu, aliyekuwa kochini anakula karanga, hana habari. Kwa hiyo kumchapa mbwa saa mbili baada ya tukio hakumfundishi kuhusu taka. Anachojifunza ni kwamba wewe ukiingia mlangoni kuna hatari.

"Anatafuna viatu kukukomoa."

Mbwa hana muda wa kukomoa mtu. Mtoto wa mbwa ana meno ya utoto 28, ambayo hung'oka na kupisha meno 42 ya ukubwani, na kwa kawaida kazi hiyo humalizika anapofikisha miezi sita au saba. Fizi zinamsumbua. Ndala ni laini, na ina harufu ya mguu wako, yaani ya mtu anayempenda. Mpe kamba nene yenye mafundo, na ndala ziweke juu. Asiyetaka kuziweka juu asilalamike.

"Mlishe pilipili awe mkali."

Jirani mmoja ananisisitizia hili kila wiki. Pilipili itamuumiza tumbo na kumharisha, ukali hauji. Kumfunga mnyororo kutwa nzima nako hakuleti mlinzi, kunaleta mbwa mwenye hofu anayeweza kumng'ata yeyote, hata anayemletea ugali.

Yapo na madogo madogo. Mkia unaotikisika si furaha kila mara: ukiwa umesimama juu, mgumu, na mwili umekakamaa, huyo anakuonya. Mifupa ya kuku iliyopikwa si zawadi, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo. Na makombo ya pilau yana vitunguu, vya maji na saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu yake. Chokoleti na zabibu pia ni sumu kwake.

"Bado mtoto, hata akikuparua na meno si kitu."

Hapa utani unaishia. Kichaa cha mbwa hakichagui umri, na karibu watu wote wanaokipata duniani huambukizwa na mbwa. Tena mbwa mgonjwa si lazima atoke povu; anaweza kuwa amepoa tu, amejikunja pembeni. Ukiumwa na mbwa usiyejua habari zake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Kidonda kidogo kisikudanganye.

Watajiju alichanjwa na daktari wa mifugo alipofikisha miezi mitatu, na mwakani anarudia. Kadi yake ipo juu ya kabati, karibu na dari. Hii ni ya pili. Ya kwanza aliila.