Kifaa kikishafunguliwa, nani anakagua amri?

Juzi nilikuwa Area C hapa Dodoma, kwenye ofisi ndogo ninayoihudumia, na kijana anayejifunza kutunza seva. Nikaingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, kwenye seva yao ya zamani ya Linux, nikahamia akaunti ya chini kwa amri ya su, nikaendesha skripti niliyomwandalia. Neno exit likajiandika kwenye skrini, tukarudi kwa root. Kisha id, amri inayoonyesha wewe ni nani kwenye mfumo, ikajiandika, ikatekelezwa kwa mamlaka ya root. Mikono yangu ilikuwa mezani muda wote.

"Kaka, nani kaandika?"

Ni wito wa mfumo (ombi la programu kwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi) uitwao ioctl, ambao umekuwapo tangu toleo la saba la Unix, mwaka 1979. Kusoma na kuandika hakutoshi kuendesha kifaa: diski, kamera na teminali (sehemu ya kuandikia amri) zina amri zake. Nyingi zinapita ioctl: faili lililofunguliwa (Linux huvitazama vifaa kama mafaili), namba ya amri, na data. Amri niliyotumia, TIOCSTI, huiambia teminali "ichukulie herufi hii kama imetoka kwenye kibodi".

Ugumu uko hapa. Ruhusa za faili hukaguliwa wakati wa kufungua. Amri zinazofuata anazijua draiva, programu inayoendesha kifaa, peke yake, na kerneli haina namna ya kupima uzito wake. Mlinzi wa shamba la zabibu kule Mpunguzi hukuuliza umetumwa na nani. Ukishapita getini hakufuati kuona kama unapogoa mizabibu au unaing'oa.

Namba yenyewe haimsaidii mlinzi sana. Kwenye Linux kwa kawaida ina biti 32: 8 za amri, 8 za kundi la draiva, 14 za ukubwa wa data na 2 za mwelekeo. Wengi huzidhani hizo 2 kuwa ni ruhusa. Sivyo, zinaeleza tu data inakwenda upande gani. Tena draiva mbili zinaweza kutumia namba ileile kwa mambo tofauti kabisa.

Mfano unaonitia hofu zaidi ni kasoro ya 2011, iliyosajiliwa kama CVE-2011-4127. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya nyingine, iliyopewa sehemu moja ya diski iliweza kutuma amri za SCSI (lugha ya kuamuru diski) kwa ioctl, na amri hizo zikaifikia diski nzima. Aliyegawa sehemu zile alifanya kila kitu sawasawa, na data za jirani zikawa wazi.

Kinga zimekuja polepole. SELinux, mfumo wa ulinzi ndani ya Linux, ilianza kuchuja kwa namba ya amri kwenye Linux 4.3, na Android inaitegemea. Landlock, inayoiwezesha programu kujiwekea mipaka, ilipata ruhusa ya ioctl za vifaa kwenye 6.10, mwaka 2024, lakini faili lililofunguliwa kabla ya kizuizi haliguswi. Seccomp, kichujio cha wito wa mfumo, huiona namba, ila haiwezi kufuata kielekezi (anwani ya data kwenye kumbukumbu) ikasoma data iliyo nyuma yake. Kwangu mimi, mwandishi wa draiva ndiye mwenye wajibu wa kwanza: akague kila amri, asiegemee ruhusa ya kufungua.

Kwenye seva ile tumeanza kutumia su --pty, ili akaunti ya chini ipewe teminali yake pekee. Seva zenye Linux 6.2 na kuendelea kijana anaziwekea mpangilio wa dev.tty.legacy_tiocsti kuwa 0, ili kuzima TIOCSTI, kisha anairudia ile skripti mwenyewe hadi aone imekataliwa.